Mzee Anayecheka Akishindwa

Wengi wetu akina mama tunajua jinsi ya kumpokea baba anaporudi jioni kutoka kazini. Maji ya kuoga yako tayari, chakula kipo, na watoto wameonywa wasipige kelele. Lakini ni wangapi kati yetu tumejiandaa kumpokea baba anayerudi siku moja mchana na barua yake ya kustaafu, kisha kesho yake asiondoke tena?

Mwezi huu tunapenda kuwasimulia habari za mzee mmoja wa usharika wetu. Yeye na mkewe wametukubalia kuzieleza, ila jina tutaliacha. Alikuwa karani wa hesabu kwa miaka mingi, akastaafu mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 60. Mkewe ni mwenzetu katika umoja wa wanawake, mama mchapakazi anayefuga kuku na kuuza maandazi.

Nyumba ilipokuwa kimya

Miezi ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Mzee alitengeneza banda la kuku, akapaka rangi milango, akahudhuria kila kikao cha kanisa. Baadaye kazi zikaisha na fedha za kiinua mgongo zikapungua. Simu za wenzake wa ofisini nazo zikakoma. Akawa anakaa sebuleni tangu asubuhi, redio inaongea peke yake. Akiulizwa jambo anajibu, "Sawa tu." Akiletewa chakula anakula nusu.

Sisi tulifika pale na wenzetu wa huduma ya wagonjwa tukiwa na kipimo cha shinikizo la damu. Tulipompima tulikuta 180 kwa 110. Tulimwuliza kuhusu vidonge vyake, akasema ameviacha tangu mwezi uliopita. Kwa nini, baba? Akatutazama, akasema, "Nivimeze niende wapi?"

Katika kazi yetu ya uuguzi tumeyasikia maneno kama hayo mara nyingi, hasa kwa wanaume. Mwanamke akifikia uzee bado ana jiko, wajukuu, kikundi na jirani wa kuzungumza naye. Mwanamume aliyezoea kuitwa "mkuu" ofisini hujikuta hana anayemhitaji. Hasemi kwamba anaumia, ila husinyaa.

Sanduku la chini ya kitanda

Msaada ulikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Mjukuu wake wa miaka kumi alikuja likizo. Siku moja mpira wake ukaingia chini ya kitanda cha babu, naye alipoingia kuutafuta akatoka na sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na kete za sataranji, mchezo ambao vijana huuita chesi. Mzee alijifunza mchezo huo mwaka 1974 akiwa mwanafunzi wa sekondari, akaucheza miaka michache, kisha kazi na malezi vikaufunika.

"Babu, huyu farasi ni wa nini?" mtoto akauliza. Mama anasema hapo ndipo alipomsikia mumewe akicheka, akaacha kukanda unga akaja kuchungulia mlangoni.

Kete zilikuwa pungufu. Askofu mmoja alikuwa amepotea, basi wakaweka kizibo cha soda mahali pake. Hadi leo kizibo hicho kipo kazini. Mzee hupenda kumwambia mchungaji wetu, "Sisi huku askofu wetu ni kizibo, na bado anatembea sawasawa."

Kidogo kidogo wakaongezeka wengine. Akaja mwalimu mstaafu, akaja fundi cherehani wa jirani, akaja na kijana wa bodaboda anayesubiri abiria pale karibu. Wakaweka meza chini ya mwembe. Mjukuu alianzisha daftari la matokeo, nasi tumeliona kwa macho yetu. Tulipolisoma, babu alikuwa ameshinda mara 39, ametoka sare mara 17, na ameshindwa mara 212. Mzee hulionyesha daftari hilo kwa wageni kama mtu anayeonyesha cheti. Anasema miaka yote ya ofisini aliogopa kukosea hesabu hata ya senti moja, na sasa Mungu amempa mahali pa kukosea bila mtu kuandikiwa barua. Malkia wake akiliwa, yeye huinua mikono na kutangaza, "Jamani, mama kaenda kwao!" Wote huangua kicheko.

Mchezo wenyewe ukoje?

Kwa wale wasioujua, tuueleze kidogo. Wengi wetu tumewaona wazee wakicheza bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ni kinyume chake: ubao una miraba 64, na kete ni 32, kila mchezaji akiwa na 16. Kuna mfalme, malkia, ngome wawili, farasi wawili, maaskofu wawili na askari wanane. Shabaha ni kumbana mfalme wa mwenzako asiwe na pa kukimbilia.

Mchezo huu una asili yake India, yapata miaka 1,500 iliyopita. Kutoka huko ulipita Uajemi, kisha kwa Waarabu, na neno letu sataranji limetokana na jina lake la Kiarabu. Zamani hapakuwa na malkia ubaoni. Mahali pake alikaa waziri, naye alisogea mraba mmoja tu, tena mshazari. Huko Ulaya waziri akageuzwa kuwa malkia, na kufikia mwisho wa karne ya 15 akapewa nguvu ya kwenda pande zote, mbali kadiri apendavyo. Mfalme bado anajikongoja hatua moja moja. Akina mama wa kikundi chetu walipoelezwa hayo walipiga makofi, mmoja akasema, "Basi huo mchezo unazijua nyumba zetu."

Mama alipochoka

Msidhani kwamba mambo yote yalinyooka. Meza ile ya chini ya mwembe ilihitaji kahawa, na kahawa ilihitaji sukari, kuni na mtu wa kuipika. Mzee alianza kukaa pale tangu saa nne asubuhi hadi giza linapoingia. Kuku wakakosa maji. Jioni moja mama aliingia katikati ya mchezo, akakunja ubao na kete zote zikamwagika mchangani. Kesho yake alikuja kwetu akilia. Alisema maneno ambayo hatujayasahau: "Yeye amestaafu. Mimi nani amenistaafisha?"

Hapo nasi tulikosea, na tunakiri mbele yenu. Tulimhurumia mwenzetu, tukaenda kumshauri mzee aachane na mchezo, maana umemfanya asahau nyumba yake. Mzee hakubisha. Alilifunga sanduku, akalirudisha chini ya kitanda. Akawa anachota maji ya kuku kila asubuhi bila kukumbushwa. Lakini hakuongea tena. Wiki ya tatu tulipompima, shinikizo lilikuwa limepanda upya, na vidonge vya wiki nzima vilikuwa bado vimo ndani ya pakiti.

Ni mama mwenyewe aliyetuambia, "Rudisheni ule mchezo. Mimi sikutaka ukome, nilitaka nionekane." Tuliona aibu, kwa sababu tulikuwa tumetibu kilio bila kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Basi tukakaa nao wote wawili. Wakapatana kwamba asubuhi ni ya kazi za nyumbani, na banda la kuku ni la mzee. Meza ya sataranji hufunguliwa saa kumi na hufungwa saa kumi na mbili jioni. Wachezaji huja na sukari yao kwa zamu na huosha vikombe wenyewe. Siku ya Alhamisi mama huenda kwenye kikundi chake, na chakula cha jioni hupikwa na mzee. Mara ya kwanza wali uliungua. Mama aliula akicheka, maana ulikuwa wali wa kwanza kupikiwa na mumewe tangu waoane.

Je, ni dhambi?

Kina mama wengine wametuuliza kama Mkristo anaruhusiwa kucheza. Jibu letu ni kwamba kinachoharibu ni kamari, yaani kuweka fedha, na pia uvivu unaoacha watoto na njaa. Pale mwembeni hakuna senti inayowekwa. Mtawa Teresa wa Avila, aliyeishi Hispania kuanzia mwaka 1515 hadi 1582, alitumia mfano wa sataranji kuwafundisha watawa wake kusali. Alifananisha unyenyekevu na malkia anayemfanya Mfalme wa mbinguni asalimu amri.

Jirani zetu wa Uganda nao wanao ushuhuda. Katika mtaa wa Katwe, Kampala, Robert Katende aliwafundisha watoto wa maskini sataranji kupitia huduma ya Kikristo, akiwapa na uji. Mmoja wao alikuwa Phiona Mutesi, ambaye kwanza alivutwa na ule uji. Mwaka 2012 aliiwakilisha nchi yake katika mashindano ya mataifa huko Istanbul, na maisha yake yakatolewa katika filamu mwaka 2016. Mzee wetu akisimuliwa habari hizo hucheka na kusema kwamba yeye ameshachelewa, ila uji anaweza kunywa.

Tena tusome Zekaria sura ya 8. Nabii anapouonyesha mji uliobarikiwa, anawaonyesha wazee wameketi mitaani na mikongojo yao, na watoto wakicheza mle mle. Wazee waliopumzika na watoto wanaocheza ni dalili ya amani ya Bwana.

Sisi wauguzi tunasemaje?

Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha uchunguzi uliofanywa Bronx, New York, kwa watu 469 wenye umri wa zaidi ya miaka 75. Walifuatiliwa kwa wastani wa miaka mitano hivi. Ilionekana kwamba waliopenda kusoma, kucheza michezo ya ubaoni, kupiga vyombo vya muziki au kucheza dansi walipatwa kwa uchache na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Lakini tusidanganyane. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mchezo ndio uliowakinga. Huenda wenye akili zenye afya ndio wanaopenda kucheza.

Vilevile sataranji haikushusha shinikizo la mzee wetu. Vidonge ndivyo vilivyolishusha. Ila mtu aliyekata tamaa hamezi vidonge, na mtu anayesubiriwa na wenzake saa kumi anayo sababu ya kuvimeza. Siku hizi pakiti ya dawa hukaa ndani ya lile sanduku la kete, na fundi cherehani hakubali kuanza kabla hajamwona mzee akimeza. Tulipompima mara ya mwisho alikuwa na 136 kwa 84.

Mambo ya kukumbuka

Kwa wenye waume waliostaafu au wanaokaribia, tunashauri haya:

1. Zungumzeni kabla ya siku yenyewe. Mwulize baba, "Utapenda kufanya nini asubuhi?" Msiongelee fedha peke yake.

2. Mtafutie, au mwache ajitafutie, jambo la kumchangamsha pamoja na watu wengine. Si lazima iwe sataranji. Bao, drafti, kwaya ya wazee au bustani vinafaa.

3. Asikae kitini kwa saa nyingi mfululizo. Kila baada ya nusu saa hivi ainuke, anyooshe miguu na anywe maji. Miguu ikivimba, apelekwe kituo cha afya.

4. Ukiona amenyamaza, hali, halali vizuri au ameacha dawa, usiseme ni uzee tu. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa huzuni, nao unatibika. Nenda naye kwa mganga wa hospitali.

5. Nawe mama usijisahau. Kama yeye amepata saa mbili za furaha, nawe dai zako kwa upole na bila kuona haya.

Tulipita pale juzi jioni. Jua lilikuwa linazama na mzee alikuwa anabanwa vibaya na yule kijana wa bodaboda. Mama alikuwa ameketi pembeni akichambua mchele, jambo ambalo zamani asingelifanya karibu na meza ile. Hachezi, na anasema hana haja ya kujifunza. Lakini mzee aliponyosha mkono kumsogeza farasi, mama aliguna bila kuinua uso. Mzee akaurudisha mkono, akatazama tena, akaona ngome ya adui ilikuwa inamvizia.

"Mama, ulijuaje?"

"Sijui kitu mimi," akajibu, akiendelea kupepeta. "Nimekuona tu unavyovuta pumzi. Ndivyo unavyovuta kila ukitaka kukosea."

Hata hivyo mzee alishindwa. Mjukuu hakuwapo, basi akachukua daftari mwenyewe, akaongeza mstari mmoja upande wa kushindwa, akaenda kuwafungia kuku.