Ujazo wa Mche na Mche Duara: Ufafanuzi kwa Mfano wa Matuta ya Ngazi katika Milima ya Uluguru

1.0 Utangulizi

Mada ya ujazo wa miche hufundishwa kwa kawaida kwa kutumia makasha, matangi na mapipa. Mifano hiyo ni sahihi, lakini humzoesha mwanafunzi kuona maumbo yaliyosimama wima, kitako kikiwa chini na kimo kikielekea juu. Anapokutana na mche uliolala, mara nyingi huchukua uso unaogusa ardhi kuwa ndio kitako, na jibu lake hukosewa tangu hatua ya kwanza.

Makala haya yanafafanua ukokotoaji wa ujazo wa mche na mche duara kwa kutumia kazi mbili zinazohusu udongo wa Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro: uchimbaji wa matuta ya ngazi na upimaji wa udongo kwa silinda ya chuma. Kazi hizi zinahusiana, kwa kuwa ya kwanza hutoa ujazo wa udongo unaohamishwa na ya pili huwezesha ujazo huo kugeuzwa kuwa uzito.

2.0 Kanuni ya Msingi

Mche ni umbo lenye vitako viwili vilivyo sawa na sambamba, ambalo mkato wake wowote ulio sambamba na kitako una sura na eneo lilelile. Kwa sababu mkato haubadiliki, ujazo hupatikana kwa kuzidisha eneo la kitako kwa umbali uliopo kati ya vitako viwili. Kitako kikiwa pembetatu, mstatili au duara, kanuni ni moja. Kinachobadilika ni njia ya kupata eneo. Mche duara, kwa hiyo, hauhitaji kanuni mpya: eneo la kitako chake ni pai mara kipeo cha pili cha nusu kipenyo, nalo huzidishwa kwa kimo.

Bonaventura Cavalieri, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1635, alieleza kwamba maumbo mawili yenye kimo kimoja na mikato iliyo sawa kieneo katika kila kiwango yana ujazo sawa. Kwa msingi huo, kitako hakitambuliwi kwa kuwa chini, bali kwa kuwa ndicho sura inayojirudia bila kubadilika katika urefu wote wa umbo.

3.0 Mche Pembetatu: Udongo wa Tuta la Ngazi

Katika miaka ya mwanzo ya 1950, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru uliolenga kuzuia mmomonyoko wa udongo. Sehemu kubwa ya mpango huo ilikuwa kuwaamuru wakulima wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko. Wakulima walilalamikia uzito wa kazi pamoja na kupungua kwa mavuno pale udongo wa chini ulipofunuliwa. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, na mpango ukasitishwa. Malalamiko yote mawili yanaweza kuchunguzwa kwa hesabu ya mche.

Chukulia mteremko wa asilimia 40, yaani unaopanda mita 0.4 kwa kila mita 1 ya mlalo, na tuta bapa lenye upana wa mita 2.5 na ukuta ulio wima. Kimo cha ukuta ni 2.5 × 0.4 = mita 1. Mchimbaji hukata nusu ya juu ya tuta na kujaza udongo huo kwenye nusu ya chini. Mkato wa sehemu inayochimbwa ni pembetatu mraba yenye kitako cha mita 1.25 na kimo cha mita 0.5. Eneo lake ni:

½ × 1.25 × 0.5 = mita za mraba 0.3125

Pembetatu hiyo ndiyo kitako cha mche. Mche wenyewe umelala ubavuni mwa mlima, na urefu wake ni urefu wa tuta. Katika hekta moja ya mlalo, matuta ya upana huo yana jumla ya urefu wa 10,000 ÷ 2.5 = mita 4,000. Hivyo ujazo unaochimbwa ni:

0.3125 × 4,000 = mita za ujazo 1,250

Kwa jumla, ikiwa upana ni W na kimo cha ukuta ni D, eneo la mkato ni WD ÷ 8, na urefu katika hekta ni 10,000 ÷ W. Zikizidishwa, W hujifuta na kubaki 1,250 × D. Kwa hiyo udongo unaochimbwa katika hekta hutegemea kimo cha ukuta peke yake. Kwenye mteremko uleule, tuta la upana wa mita 1.5 lina ukuta wa mita 0.6, na udongo wake ni mita za ujazo 750. Kwa upana wa mita 2.5 kwenye mteremko wa asilimia 60, ujazo hufikia 1,875.

Pembetatu hiyohiyo hueleza suala la rutuba. Kina cha ukataji huanzia sifuri katikati ya tuta na kufikia sentimita 50 kwenye ukuta. Udongo wa juu wenye rutuba ukiwa na unene wa sentimita 20, utaondolewa wote kila mahali ambapo kina kinazidi kiasi hicho. Sehemu hiyo ni 30/50 ya nusu ya upana, sawa na asilimia 30 ya tuta zima. Kwa tuta la mita 1.5, ambalo kina chake cha juu ni sentimita 30, sehemu hiyo hushuka hadi takribani asilimia 17.

4.0 Mche Duara: Silinda ya Kupimia Udongo

Ili kujua uzito wa udongo uliohamishwa, wataalamu wa udongo hupigilia silinda ndogo ya chuma ardhini, huchukua udongo uliomo bila kuuvuruga, huukausha na kuupima. Silinda yenye kipenyo cha sentimita 5 na kimo cha sentimita 5 ina ujazo wa:

3.14 × 2.5 × 2.5 × 5 = sentimita za ujazo 98.125

Udongo mkavu ukiwa na gramu 127.6, kila sentimita ya ujazo ina gramu 1.3, sawa na tani 1.3 kwa mita ya ujazo. Mita za ujazo 1,250 zilizopatikana hapo juu zina, basi, tani 1,625 za udongo mkavu katika hekta moja, zote zikihamishwa kwa jembe la mkono.

Usahihi wa kipenyo una umuhimu wa pekee. Kipenyo kikisomwa kuwa sentimita 5.2 badala ya 5, ujazo huongezeka kwa takribani asilimia 8, ilhali kosa hilohilo kwenye kimo huongeza asilimia 4 tu. Sababu ni kwamba nusu kipenyo hujizidisha chenyewe. Kosa hilo la milimita mbili hupunguza makadirio ya hekta kwa takribani tani 122. Anayetumia kipenyo mahali pa nusu kipenyo hupata ujazo mara nne ya ule halisi.

5.0 Mipaka ya Mfano

Hesabu hizi zinachukulia kwamba mteremko ni sawa kote na ukuta uko wima. Milimani, mteremko hubadilika, hivyo mkato wa tuta nao hubadilika, na umbo halibaki kuwa mche kamili. Njia inayofaa ni kugawa tuta katika vipande vifupi, kupima mkato wa mwanzo na wa mwisho wa kila kipande, kuchukua wastani wa maeneo hayo na kuuzidisha kwa urefu wa kipande. Kadiri vipande vinavyokuwa vifupi ndivyo kila kimoja kinavyokaribia kuwa mche.

6.0 Hitimisho

Imebainishwa kwamba mche na mche duara huongozwa na kanuni moja, na kwamba hatua ngumu si kuzidisha bali kutambua kitako. Imeonekana pia kuwa kanuni hiyo inathibitisha uzito wa malalamiko ya wakulima wa Uluguru: zaidi ya tani elfu moja na mia sita za udongo kwa hekta, na karibu theluthi moja ya tuta kubaki bila udongo wa juu. Inapendekezwa kwamba ufundishaji wa mada hii ujumuishe miche iliyolala, hususani ile inayopatikana katika mashamba ya mazingira ya mwanafunzi.