Kujitolea si Kazi ya Bure

Katika Kiswahili neno 'bure' lina sura mbili. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa, na kazi ya bure ni ile isiyo na manufaa. Wanafunzi wangu wa isimu huuona uwili huu kuwa mzaha wa lugha tu. Aghalabu mgonjwa wa mtaani huzijua sura zote mbili, kwani huenda akaonwa na tabibu bila kutoa senti, kisha akakabidhiwa kikaratasi akanunue dawa dukani.

Walimu wenye umri wangu watakumbuka Desemba 1989, serikali ilipoanza kutoza ada katika hospitali na vituo vya afya. Ada hiyo ilisitishwa kwa sehemu kubwa mwaka 1990, ikarejea baadaye. Mwaka 2004 ilipunguzwa ikawa shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika vituo vya afya, na Juni 2013 ikafutwa katika ngazi hizo mbili. Shilingi 20 si fedha nyingi, lakini kwa mama aliyeshinda juani akianika omena bila kupata mnunuzi, hiyo ilikuwa sababu tosha ya kumrudisha mtoto nyumbani na homa yake.

Pwani hii ya ziwa ilikuwa imekwisha kutafuta njia nyingine mapema. Huko Saradidi, Asembo, katika Siaya ya leo, mwishoni mwa miaka ya 1970, waumini wa Kianglikana pamoja na Dkt. Dan Kaseje walianzisha mpango ambao wanavijiji wenyewe waliwachagua majirani wa kufunzwa. Hao ndio waliogawa klorokwini kwa wenye malaria bila malipo. Matokeo ya kazi yao yalichapishwa mwaka 1987, yakasomwa mbali na Nyanza.

Wahudumu wa namna hii wamejulikana katika Dholuo kwa jina la nyamrerwa, ambalo zamani lilikuwa la mwanamke stadi wa maradhi ya kina mama na watoto. Lugha ilikuwa na neno lake tayari. Serikali nayo imebadilisha majina mara kwa mara: jana walikuwa wahudumu wa kujitolea, na tangu 2023 ni wahamasishaji wa afya ya jamii. Septemba mwaka huo zaidi ya 100,000 kati yao walizinduliwa rasmi na kupewa vifaa, huku wakiahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti.

Hebu tukitazame kitenzi 'kujitolea'. Kile kiambishi 'ji' kinatuambia kwamba kinachotolewa ni mtoaji mwenyewe. Nadhani kwa miaka mingi waajiri wetu wamejificha nyuma ya kiambishi hicho. Malalamiko ya posho kuchelewa yamesikika katika kaunti kadhaa, na wapo wanaojibu kwamba hawa si walijitolea? Anayetumwa nyumba kwa nyumba na kudaiwa ripoti kila mwezi ni mfanyakazi, na mfanyakazi hulipwa. Mimi ndiye wa kujitolea, kwa kuwa nikikosa kufika Jumamosi hakuna anayeniuliza.

Jumamosi hizo huwa katika kliniki ndogo ya bure mtaani Nyalenda, na kazi yangu ni kutafsiri. Daktari wetu ni kijana wa Pwani. Kiswahili chake ni kizuri hata nakionea wivu, ila Dholuo hana. Bikizee mmoja alimwambia, "Chunya lit." Aliyekuwa akisaidia kabla yangu alifasiri kwamba ini linamuuma, na hakukosea kamusi. Chuny ni ini, lakini pia ndimo yanamokaa majonzi. Moyo usukumao damu huitwa adundo. Nilimwuliza bikizee yameanza lini. "Japuonj," akaniita, "tangu ziwa limchukue mwanangu." Daktari aliweka kalamu chini. Baadaye alimpima presha akaikuta juu, akampa dawa. Kadi ina nafasi ya presha, haina nafasi ya yale mengine, nasi tuliyasikiliza tu.

Nami nimehudumiwa pale pale. Asubuhi moja nilifika na maumivu ya kichwa, nyamrerwa mmoja akanifunga mkanda mkononi bila kuniuliza cheo. Nilipoanza kumweleza asili ya neno 'presha', alinikatiza: "Mwalimu, nyamaza kidogo, mashine inapima." Ilikuwa juu. Nina bima ya kazini na daktari wa kulipwa, lakini aliyeigundua presha yangu ni mama auzaye omena jioni, kwani posho haitoshi kulisha nyumba.

Walimu wenzangu huniuliza mwanafunzi asiyesomea udaktari atafanya nini kliniki. Kazi ipo tele. Mgonjwa wa kichocho huhitaji mtu wa kumweleza kwa lugha yake kwa nini atameza vidonge vingi kwa mara moja. Mama huhitaji kusomewa tarehe ya kurudi kwa chanjo. Daktari mgeni huhitaji orodha ya majina ya maradhi kama yanavyotamkwa huku, na orodha hiyo hakuna awezaye kuikusanya vyema kuliko chama cha Kiswahili cha shule, chenye vijana wanaozungumza Dholuo kwa nyanya zao. Kliniki yetu hufunguliwa saa mbili asubuhi. Orodha yangu ina maneno 64, na upande wa maradhi ya watoto bado ni mtupu.