Kilwa: mji uliotajirika kwa dhahabu ambayo haukuichimba

Huku kwetu Ibadakuli ukikaa kijiweni nusu saa tu lazima mtu alete stori ya dhahabu: nani kapata mshiko Geita, duara gani limetema, dalali gani kamlia mtu. Leo nawaletea stori ya dhahabu ya zamani sana, na ni ya hapahapa Bongo.

Wengi tukisikia neno mji-dola tunawaza Wagiriki: Athens, Sparta, Korintho (ndiyo, Wakorintho walewale wa kwenye Biblia). Mji-dola ni mji mmoja unaojitawala wenyewe, una mtawala wake, kodi zake, mara nyingi na sarafu zake. Pwani ya Waswahili ilikuwa nayo kibao: Mogadishu, Pate, Malindi, Mombasa, Kilwa. Kila mmoja kivyake. Mimi Kilwa naifananisha na Korintho. Korintho ilikaa kwenye kipande chembamba cha ardhi kati ya bahari mbili, mizigo ikipita inatozwa ushuru. Kilwa nayo ilikaa mlangoni, ila mlango wake ulikuwa upepo.

Iko hivi. Majahazi kutoka Arabuni na India yalishuka na kaskazi, kuanzia kama Desemba, yakarudi na kusi kuanzia Aprili hivi. Kilwa ndo ilikuwa kama mwisho wa safari: ukifika hapo unawahi kurudi msimu uleule. Ukienda kusini zaidi, upepo unakuacha na unalala mwaka mzima. Na dhahabu ilikuwa huko kusini zaidi! Ilichimbwa nyanda za juu za Zimbabwe, ikashushwa hadi bandari ya Sofala, ambayo sasa iko Msumbiji. Kilwa ikaishika Sofala. Vitambaa na shanga vikienda vinalipiwa, dhahabu ikirudi inalipiwa. Kisiwani penyewe hapakuwa na shimo hata moja la dhahabu.

Utajasema ni stori tu za vitabuni. Hapana, ushahidi upo ardhini. Miaka ya 1960 mwanaakiolojia Mwingereza, Neville Chittick, alichimba pale Kilwa Kisiwani akatoa vigae vya China, shanga, na sarafu nyingi za shaba zenye majina ya masultani. Aliufukua pia Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe na chokaa la mwanzoni mwa karne ya 14. Lina vyumba zaidi ya 100, bwawa la kuogelea lenye pembe nane, na maghala. Hilo la maghala lilinigusa: sultani na mzigo chini ya paa moja. Na sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye anayetajwa kulijenga, imekutwa Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, Australia. Zilifikaje huko, wataalamu bado wanabishana.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alimkuta sultani huyohuyo akiwa madarakani. Anamsifu kwa ukarimu: kuna maskini aliyeishia kupewa watumwa na pembe za ndovu. Yaani binadamu alitolewa zawadi kama mzigo, tusilipambe hilo. Ila Ibn Battuta anaongeza kwamba zawadi za huko nyingi zilikuwa pembe, dhahabu ilitolewa kwa nadra. Unaona? Mji wa dhahabu, lakini dhahabu yenyewe haigawiwi.

Kuhusu wenyewe walikuwa kina nani, hadithi ya kale inasema mwana wa mfalme kutoka Shiraz alikinunua kisiwa kwa kitambaa cha kukizunguka chote. Mwaka 2023 watafiti walitangaza matokeo ya vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani, Kilwa ikiwemo: upande wa mama Waafrika kwa sehemu kubwa, upande wa baba wengi wana damu ya Uajemi, na kuchanganyika kulianza kama miaka 1,000 iliyopita. Kwa hiyo hadithi haikuwa uongo mtupu, ila ilimsahau bibi.

Sasa shida ya kukaa mlangoni ni kwamba anaweza kuja mwenye mizinga akakuondoa. Vasco da Gama alifika mwaka 1502, akamtisha mtawala mpaka akalipa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na meli za vita, mji ukaporwa. Wareno wakajenga ngome, na Sofala wakaichukua mwaka huohuo. Waliondoka Kilwa mwaka 1512, lakini njia ya dhahabu ilishavurugika.

Magofu, pamoja na ya Songo Mnara jirani, ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981. Bahari na mvua viliyala mpaka mwaka 2004 yakaingizwa kwenye orodha ya hatari, yakatolewa 2014 baada ya ukarabati. Ukitaka kuyaona unafika Kilwa Masoko, unavuka kwa chombo.

Na dhahabu ile ya kodi ya da Gama? Mfalme Manuel wa Ureno aliifanyia monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi, kikakamilika mwaka 1506. Kimeandikwa kabisa kwamba dhahabu yake ni ya kodi ya Kilwa. Kiko Lisbon, kwenye jumba la makumbusho, na wanaotaka kukiona wanakata tiketi.

Nawakilisha, uwanja ni wenu.