Aliyekwama Mirihi Ataokolewa na Nani?

Hadithi za wasafiri wa anga waliokwama kwenye sayari ngeni hufuata njia moja. Chombo kinaanguka, redio inanyamaza, mchanga unatanda hadi upeo wa macho, kisha mtu mmoja mwenye akili nyingi na mikono isiyochoka anaanza kujitengenezea hewa, maji na chakula kwa vyuma chakavu. Filamu ya The Martian ya mwaka 2015, iliyotokana na riwaya ya Andy Weir, ilimfanya mwanaanga wake kuwa mkulima wa viazi kwenye sayari ya Mirihi. Ni burudani safi, na sina ugomvi nayo. Ila watu halisi wamekwisha kukwama angani, tena zaidi ya mara moja, na ukizichambua safari zao unakuta mambo yalikwenda vingine. Werevu wa papo kwa papo ulisaidia, lakini peke yake haukumwokoa mtu. Waliorudi walirudi kwa sababu kulikuwa na kitu tayari: chombo cha pili, kiti kitupu, tangi la akiba, vyote vikiwa vimeamuliwa na watu waliokaa kwenye meza za michoro miaka mingi kabla ya hatari kutokea. Ndiyo maana naona mazungumzo yetu kuhusu kupeleka binadamu Mirihi yameanzia mahali pasipo pake. Tunauliza kama watafika, na kama watakuwa na moyo wa kustahimili, kabla ya kuuliza watakuta nini kinawasubiri.

Tuanze na walio karibu. Desemba 2022 chombo cha Soyuz MS-22, kikiwa kimefungwa kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa, kilivuja maji yake ya kupoozea. Warusi Sergei Prokopyev na Dmitri Petelin, pamoja na Mmarekani Frank Rubio, walikuwa wanakitegemea kuwarudisha nyumbani. Hawakubuni chochote, walisubiri. Februari 2023 Soyuz nyingine, iliyokuwa ikiandaliwa kwa ajili ya kundi lijalo, ilirushwa bila abiria, na safari iliyopangwa kuwa ya miezi sita ikawa ya siku 371. Juni 2024 ikawa zamu ya Butch Wilmore na Suni Williams, waliopanda na chombo cha Starliner kwa majaribio ya siku nane hivi. Heliamu ikavuja, baadhi ya injini ndogo za kuongozea zikaleta hitilafu, na NASA ikaamua chombo kirudi kitupu. Wao walirudi Machi 2025, baada ya siku 286, kwa chombo cha SpaceX kilichopelekwa makusudi kikiwa na viti viwili wazi. Na kabla yao wote alikuwepo Sergei Krikalev, aliyebaki kwenye kituo cha Mir hadi Machi 1992 huku nchi iliyomtuma ikisambaratika na kufutika kwenye ramani. Hata yeye alikuwa na Soyuz mlangoni. Kilichokosekana ni mtu wa kumpokea kazi.

Atakayenipinga atanitajia Apollo 13, na ana haki. Aprili 1970 tangi la oksijeni lililipuka njiani kuelekea mwezini, na wanaanga watatu wakahamia kwenye chombo kidogo cha kutulia mwezini, kilichotengenezwa kubeba watu wawili kwa takriban siku mbili. Hewa ya kaboni waliyoitoa wenyewe ikaanza kuwazidi, kwa sababu vichujio vya ziada walivyokuwa navyo vilikuwa vya mraba na matundu yalikuwa ya duara. Wahandisi wa Houston wakabuni kiunganishi cha mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu vya maelekezo, mipira ya mavazi ya anga na utepe wa kubandikia. Hapo werevu ulifanya kazi kweli. Lakini tazama ulivyofanya kazi: kila kipande kilikuwa ndani ya chombo, injini ya pili ilikuwa ndani ya chombo, na wazo lenyewe la kukigeuza chombo hicho kuwa mashua ya kuokolea lilikuwa limechunguzwa na wahandisi kabla ya ajali. Mlipuko ungetokea wakati wa kurudi, baada ya chombo hicho kutumika na kuachwa, watu watatu wale wangekufa na werevu wao wote.

Mfano wa kinyume upo pia, na watu wengi hawaufahamu. Julai 1969 Neil Armstrong na Buzz Aldrin walipotua mwezini, injini ya kuwanyanyua kutoka pale ilikuwa moja tu. Isingewaka, Michael Collins, aliyebaki akizunguka juu, asingekuwa na namna ya kuwashukia. Angerudi peke yake. Serikali ya Marekani ililijua hilo vizuri kiasi kwamba William Safire, mwandishi wa hotuba wa Rais Nixon, aliandika mapema tamko la kuwaaga wanaanga hao wakiwa bado hai. Kisha swichi inayohusika na kuwasha injini ile ikakutwa imevunjika ndani ya chombo, na Aldrin akaibonyeza kwa kalamu. Tunaisimulia kalamu hiyo kwa kicheko. Mimi naona inapaswa kututia baridi: kwa hatari ile moja, akiba iliyoandaliwa ilikuwa karatasi ya rambirambi.

Sasa hamisha mambo haya hadi Mirihi. Kituo cha Anga cha Kimataifa kiko kilomita 400 hivi juu ya vichwa vyetu na chombo hukifikia kwa saa chache. Mwezi ni safari ya siku tatu. Mirihi, kutegemea sayari hizi mbili ziko wapi katika kulizunguka jua, iko kati ya takriban kilomita milioni 55 na milioni 400. Neno la redio huchukua dakika 3 hadi 22 kufika, kwa hiyo aliyekwama akiuliza swali anaweza kungoja zaidi ya nusu saa kupata jibu, na kuna majuma mawili hivi kila baada ya miezi 26 ambapo jua linakaa katikati na mawasiliano yanakuwa ya mashaka. Kubwa kuliko yote ni kalenda. Njia inayowezekana kwa mafuta tuliyonayo hufunguka mara moja kila miezi 26, na safari yenyewe huchukua miezi sita hadi tisa. Tuseme wanaanga wamemaliza kazi yao na chombo chao cha kurudia kimekataa kuwaka. Hata kama chombo cha uokoaji kiko tayari Duniani na kinaondoka njia ikifunguka, kitafika baada ya nusu mwaka na zaidi, kisha wote pamoja watangoja njia ya kurudi. Zaidi ya miaka miwili ya ziada, bila kosa la mtu yeyote kule juu, bila uzembe wowote, kwa sababu ya mwendo wa sayari tu.

Wapo wanaosema Mirihi haihitaji kusubiri mtu, kwa kuwa kila kitu kipo. Maji yapo: chombo cha Phoenix mwaka 2008 kilikwangua udongo sentimita chache tu kikakuta barafu. Oksijeni ipo pia, imefungwa ndani ya angahewa ambayo asilimia 95 yake ni kaboni dayoksaidi. Hoja hii ina uzito, na ndiyo inayoifanya Mirihi ionekane tupu bila kuwa tupu. Lakini kuwepo kwa kitu na kupatikana kwake ni mambo mawili, na safari hii tuna vipimo. Gari la Perseverance, lililotua Februari 2021, lilibeba mtambo mdogo uitwao MOXIE, wenye ukubwa wa betri ya gari, uliotengeneza oksijeni kutokana na hewa ya huko. Ulifaulu kuliko ulivyotarajiwa. Uliwashwa mara 16 hadi 2023, na jumla ya oksijeni yote uliyozalisha ilikuwa gramu 122. Mtu mzima anatumia karibu gramu 840 kwa siku, maana yake mavuno yote ya mtambo ule yangemtosha kwa saa tatu na nusu. Siku ulipokimbia kwa kasi yake ya juu ulitoa gramu 12 kwa saa. Kumweka hai mtu mmoja kungehitaji mitambo mitatu ya aina ile ikifanya kazi kwa kasi hiyo usiku na mchana bila kupumzika, na kila mmoja ukila takriban wati 300 za umeme. Kuinyanyua roketi ya watu wanne kutoka kwenye ardhi ile ni habari nyingine kabisa: NASA inakadiria tani 25 za oksijeni na tani 7 za mafuta.

Kwa hiyo adui wa kwanza wa aliyekwama ni umeme kukatika. Magazeti hupenda kuandika juu ya mionzi, nayo ni tatizo la kweli kwa afya ya miaka mingi, lakini gari la Curiosity lilipima kiwango ambacho hakimuui mtu kwa siku wala kwa mwezi. Umeme ukizimika, kinachofuata ni cha saa chache: hewa haisafishwi, na baridi inaingia, ambayo wastani wake ni nyuzi 60 hivi chini ya sifuri. Nje, kanieneo ya hewa haifiki asilimia moja ya ile ya Duniani. Na umeme wa jua huko una mwizi wake. Mwaka 2018 dhoruba ya vumbi iliyofunika sayari nzima iliiua Opportunity, gari lililopangiwa siku 90 likadumu karibu miaka 15. Na Desemba 2022 chombo cha InSight kilinyamaza kwa sababu vumbi liliziba paneli zake. Upepo wenyewe ni dhaifu, hewa ni nyembamba mno kuweza kupindua roketi kama filamu ilivyodai. Vumbi linaua kwa kutulia juu ya vitu.

Viazi je? Kituo cha Kimataifa cha Viazi cha Lima kilijaribu kuvipanda kwenye udongo wa jangwa la Peru unaofanana na wa Mirihi, na aina chache zilichipua. Tatizo ni kwamba udongo wa Mirihi wenyewe una chumvi za pakloreti zenye sumu, ambazo lazima zioshwe kwa maji, ambayo lazima yayeyushwe kwa umeme. Kila njia ya kujiokoa inarudi kwenye mtambo uleule.

Historia ya Duniani inafundisha jambo hilohilo, ingawa kwa uchungu wa aina nyingine. Robert Burke na William Wills walivuka Australia kutoka kusini hadi kaskazini, na Aprili 1861 wakarudi hoi kwenye kambi yao ya Cooper Creek, wakakuta kundi lililowasubiri kwa miezi limeondoka asubuhi ya siku ileile. Wote wawili walikufa katika nchi waliyoiona tupu. Haikuwa tupu. Watu wa Yandruwandha walikuwa wakiishi pale, wakila samaki na unga wa mmea wa nardoo, ambao wageni waliula bila kuuandaa inavyotakiwa na ukawadhoofisha. Mwenzao John King aliishi kwa sababu Wayandruwandha walimpokea na kumlisha hadi alipopatikana mwezi Septemba. Mirihi hakuna wa kukupokea. Maarifa yale ya vizazi, ya nini kinalika na kinaandaliwaje, huko yatalazimika kutangulizwa kwa roketi yakiwa katika umbo la mashine.

Kuna jibu la haraka kwa haya yote: tusipeleke watu, tupeleke roboti. Gari la Spirit lilinasa kwenye mchanga laini mwaka 2009, likafia hapo, na hakuna mjane aliyeandikiwa barua. Hoja nyingine ya upande huu ni nzito zaidi. Binadamu mmoja anabeba matrilioni ya vijidudu mwilini, na chombo chake kikipasuka, tutakuwa tumeichafua sayari kabla ya kujua kama iliwahi kuwa na uhai wake. Naikubali hiyo kwa sasa. Lakini mataifa na makampuni hayangoji kukubaliana nami, na wakienda, swali la akiba halitaepukika. Upande wa pili wapo wanaosema waendao wanajua hatari na wameiridhia. Kampuni ya Mars One iliwaahidi watu safari ya kwenda bila kurudi, maelfu wakajiandikisha, na mwaka 2019 ikafilisika bila kumrusha hata mmoja. Ridhaa ya mtu juu ya kifo chake haimpi hewa siku atakapobadili mawazo, wala haiwatoi wahandisi kwenye wajibu wao.

Namna ya kufanya inajulikana. Mwaka 1990 Robert Zubrin na David Baker walipendekeza chombo cha kurudia kitangulie peke yake, kijitengenezee mafuta ya methani na oksijeni kutokana na hewa ya Mirihi, na watu wasiondoke Duniani mpaka matangi yale yathibitike kujaa. Ugomvi unaweza kuwepo juu ya hesabu zao, lakini mpangilio wa hatua ni sahihi. NASA nayo iliwahi kulipa gharama ya kanuni hii. Mei 2009, miaka sita baada ya Columbia kuvunjikavunjika ikirudi na watu saba, chombo cha Atlantis kilikwenda kuitengeneza darubini ya Hubble, kwenye njia ambayo isingekiwezesha kukimbilia kituo cha anga. Jukwaa la pili la kurushia lilikuwa na Endeavour, imesimama tayari, na wanaanga wanne wameteuliwa kwenda kuwachukua wenzao. Haikuhitajika, Julai ikaruka kwa kazi yake nyingine. Mwaka 2017 Elon Musk alitaja 2024 kuwa mwaka wa watu wa kwanza kuondoka kwenda Mirihi, na umepita kama tarehe nyingine kabla yake. Atakayetaja tarehe mpya aulizwe kwanza chombo cha kurudia kitatua lini, matangi yake yatajazwa na umeme gani, na nani atakayesoma vipimo na kutamka kwamba yamejaa.