Moto Ukizuka Shuleni: Mzazi, Usiondoke na Mtoto Kabla Jina Lake Halijaandikwa

Simu inalia saa sita usiku. Ni mzazi mwenzako: bweni la shule linateketea. Unavaa viatu, unamwamsha jirani mwenye pikipiki na kuondoka mbio. Hakuna wa kukulaumu kwa hilo. Hata hivyo, utakachofanya ukifika langoni kinaweza kuwasaidia waokoaji au kuwachelewesha.

Usiku wa Alhamisi, Septemba 5, 2024, moto ulizuka katika bweni la wavulana la shule ya Hillside Endarasha Academy, Kaunti ya Nyeri. Bweni hilo lilikuwa na zaidi ya wavulana 150. Wavulana 21 walifariki. Siku iliyofuata, serikali ilitangaza kuwa wanafunzi wapatao 70 hawakujulikana waliko. Wengi wao walipatikana baadaye wakiwa hai. Baadhi walikuwa wamechukuliwa na wazazi wao usiku ule ule, wengine walikuwa wamehifadhiwa na majirani wa shule, ila majina yao hayakuwa yameandikwa popote.

Mzazi aliyemkumbatia mwanawe na kumpeleka nyumbani alifanya ambalo mzazi yeyote angefanya. Lakini kwa waokoaji, mtoto ambaye jina lake halipo kwenye orodha ni mtoto wa kutafutwa kwenye majivu. Na kwa mzazi ambaye bado anasubiri, orodha yenye mapengo hurefusha uchungu.

Nani anafanya nini?

Wakazi wengi huuliza ni nani wa kuitwa. Chini ya Katiba ya 2010, huduma za zimamoto, ambulensi na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti. Shule za msingi na za upili, walimu na polisi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Wakati wa mkasa, wote hufika mahali pamoja. Wazima moto hushughulikia moto na uokoaji, polisi hulinda eneo na kufanya uchunguzi, nao walimu huita majina ya wanafunzi. Mara nyingi Shirika la Msalaba Mwekundu hufungua dawati la kuwasaidia wazazi kuwatafuta watoto wao.

Ukipata habari

Usidhani kuwa mtu mwingine ameshapiga simu. Piga 999 au 112, ambazo hazitozi malipo, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Nambari ya zimamoto ya kaunti yetu iko katika ukurasa wa mwisho wa jarida hili. Taja jina la shule, kata, alama iliyo karibu kama vile soko au kanisa, na kinachoungua. Ikiwa barabara ina matope au daraja limeharibika, sema hivyo ili dereva apite njia nyingine.

Kisha gawaneni kazi nyumbani. Mmoja aende shuleni, mwingine abaki na simu iliyo na chaji. Watoto wanaotoroka moto hukimbilia nyumba yoyote yenye taa, na anayewapokea huenda akapiga nambari ambayo mtoto anaikumbuka. Beba kitambulisho, picha ya karibuni ya mtoto na nambari yake ya usajili shuleni. Ikiwa ana pumu, kifafa au anatumia dawa kila siku, andika jambo hilo kwenye karatasi.

Usisambaze picha za majeruhi wala majina ya waliofariki katika makundi ya WhatsApp. Mama hapaswi kupata habari za mwanawe kutoka kwa simu ya mtu asiyemjua.

Ukifika langoni

Acha gari au pikipiki mbali na lango. Barabara nyingi za shule zetu ni nyembamba, na magari machache yaliyoegeshwa vibaya yanatosha kuzuia gari la zimamoto. Usiingie katika jengo linaloungua. Moshi humwangusha mtu mzima kwa dakika chache, na mwokoaji atalazimika kukuokoa wewe kwanza.

Muulize mwalimu wa zamu mahali wanafunzi wamekusanyika. Ukimpata mtoto wako, nendeni pamoja kwa mwalimu anayeshika orodha. Hakikisha ameandika jina la mtoto, jina lako, nambari yako ya simu na saa mnayoondoka, kisha utie sahihi. Ukitaka kuondoka na mtoto wa jirani, fuata utaratibu huo huo na umpigie mzazi wake hapo hapo. Ikiwa tayari umeondoka bila kuandikisha, piga simu shuleni au kwa chifu mara moja. Nawe mkazi uliyempa mtoto hifadhi, toa taarifa usiku huo huo, usingoje kupambazuke.

Mtoto akiwa ameungua, mwagilia sehemu hiyo maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha ifunike kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta. Hata kama haonekani kuumia, mpeleke hospitalini ikiwa amevuta moshi mwingi.

Siku zinazofuata

Miili ikiwa imeungua kiasi cha kutotambulika kwa macho, wazazi huombwa kutoa sampuli za DNA, kama ilivyofanyika Endarasha. Kazi hii huchukua siku kadhaa. Ni kungoja kuzito, lakini ndiko kunakohakikisha kila familia inamzika mtoto wake.

Mtoto aliyenusurika anaweza kukataa kula, kukojoa kitandani, kuogopa giza au kunyamaza. Msikilize bila kumlazimisha kusimulia. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto haitozi malipo, na hospitali zinaweza kukuelekeza kwa washauri nasaha.

Yakague mabweni kabla ya hatari

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unasema wazi jinsi bweni linavyopaswa kuwa. Siku ya wazazi, omba kuliona bweni analolala mwanao, kisha ukague haya:

• Milango ina upana wa angalau futi 5, inafunguka kwa nje na haifungwi kwa kufuli wanafunzi wakiwa ndani.
• Kuna mlango kila upande wa bweni, na wa dharura katikati.
• Madirisha hayana vyuma vya kuzuia mtu kutoka.
• Nafasi kati ya vitanda ni angalau mita 1.2, na njia ya kupita ni angalau mita 2.
• Kuna vizima moto, na matroni anajua kuvitumia.

Muulize pia mwalimu mkuu ni lini wanafunzi walifanya zoezi la kuondoka bwenini usiku, na orodha ya wanafunzi huwekwa wapi. Ikiwa nakala pekee iko katika ofisi inayoweza kuungua, pendekeza nyingine iwekwe kwa mlinzi langoni. Usiporidhika na majibu, peleka suala hilo kwa chama cha wazazi, bodi ya shule, au afisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Nyumbani, mfundishe mtoto mambo matatu: kukariri nambari mbili za simu za jamaa, kuinama chini akiona moshi, na kutorudi kuchukua sanduku. Sanduku na vyote vilivyomo vitanunuliwa tena. Mwambie pia kwamba akitoka salama, aende moja kwa moja mahali pa kuitwa majina, na aseme "nipo" kwa sauti.