Kifaranga amedonolewa: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kifaranga wa nyama wa siku moja anauzwa shilingi 1,500 hadi 2,000 hivi. Akifika wiki tatu ameshakula zaidi ya kilo moja ya chakula, na kilo ya chakula cha kuanzia ni kama shilingi 1,700. Jumlisha chanjo na joto, utaona kwamba yule uliyemkuta asubuhi amejibanza pembeni, mkia umedonolewa hadi nyama, ameshakugharimu kama shilingi 4,000. Shika namba hiyo kabla hujaingia duka la dawa za mifugo, kwa sababu muuzaji hataanza na dawa ya bei ndogo. Bei zote ninazotaja ni makadirio ya Dar es Salaam. Mikoani zitapanda au kushuka.

Kinachomwokoa zaidi hakiuzwi: kumtoa kati ya wenzake saa hiyo hiyo. Mtazame kwa karibu. Kwenye mzizi wa mkia kuna vijiti vya manyoya yanayochipua, vyeusi-vyeusi, na kila kimoja kina damu ndani. Mmoja akikivunja, tone jekundu linatokea na banda zima linakuja kulidonoa. Ukimpaka dawa ya bei yoyote halafu ukamrudisha jeraha likiwa bado jekundu, watakula dawa pamoja na nyama. Boksi la karatasi kutoka duka la mtaani ni bure, au shilingi 500 ukikutana na mwenye duka mgumu. Damu ikiendelea kutoka, kandamiza kwa kitambaa safi dakika chache bila kuchungulia kila mara.

Kuosha jeraha ndiko kunakofuata, na hapa chumvi inashinda. Kijiko kimoja cha chai katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu kinatosha. Pakiti ya chumvi ya shilingi 500 itaosha vifaranga wengi kuliko utakaowahi kufuga. Iodini ya kahawia, chupa ndogo ya shilingi 3,000 hivi, inafaa kuwa nayo: inaua vijidudu, inakaa muda mrefu ikifungwa vizuri, na unaipata hata duka la dawa za binadamu. Izimue kwa maji hadi ifanane na chai ya rangi. Spiriti usinunue kwa kazi hii, inaunguza nyama iliyo wazi. Na malhamu yenye dawa ya ganzi iache kabisa. Kiasi ambacho mtu hakisikii kinaweza kumdhuru ndege mdogo kama huyu.

Kwenye kufunika jeraha ndipo watu wanapopoteza hela.

Wengi wanakimbilia GV, ile dawa ya zambarau. Chupa ni kama shilingi 1,000, iko kila kona, na inaficha wekundu vizuri sana. Tatizo ni kwamba huyu kuku ataliwa. Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, inashauri mabaki ya dawa hiyo yasiwepo kabisa katika chakula, na kwa sababu hiyo mimi simshauri mtu aipake kwa kuku wa nyama au wa mayai, hata kama jirani ameitumia miaka yote.

Dawa ya kupuliza ya mifugo, ile ya kopo inayoacha rangi ya bluu, ni ya uhakika zaidi kwa kuficha wekundu na kuzuia vijidudu. Kopo ni shilingi 12,000 au zaidi, yaani vifaranga watatu wa wiki tatu. Kwa mwenye vifaranga 20 haina hesabu. Kwa mwenye 200, au mwenye mbuzi pia, kopo moja linahudumia majeraha mengi. Na majirani wawili wakichanga, bei inashuka nusu. Soma tarehe ya mwisho chini ya kopo kabla ya kulipa, na soma siku za kusubiri kabla ya kuchinja, kwa sababu siku hizo ni chakula unachoendelea kununua kwa kuku ambaye ungekuwa umeshamuuza.

Asali halisi inasaidia jeraha lipone. Lakini inaita sisimizi, inanasa maranda, na nyingi inayouzwa kwenye chupa za maji barabarani imechanganywa na sukari. Ukiwa nayo nyumbani, paka kidogo. Usiende kuinunua kwa ajili hii. Oili chafu ya gereji na mafuta ya taa, ambavyo bado watu wanapaka kwa sababu ni rahisi, ni sumu. Vifaranga wanajichambua manyoya kwa mdomo na wanavimeza.

Sasa joto, kwa sababu gharama kubwa imejificha hapa. Kifaranga aliyetengwa peke yake anapoa haraka, na mwenye jeraha hawezi kuvumilia baridi ya usiku. Watu wananunua taa ya joto ya wati 250 kwa shilingi 10,000 au zaidi na kudhani matumizi yameishia dukani. Taa hiyo ikiwaka saa 24 inakula uniti 6. Kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti, ni zaidi ya shilingi 2,100 kwa siku. Siku mbili tu, thamani ya kifaranga imekwisha. Na kama mita yako iko kwenye kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, siku 10 za taa hiyo zinameza uniti 60 na kukuachia 15 za nyumba nzima. Balbu ya kawaida ya wati 60, ile ya waya inayopata moto, inakula chini ya uniti moja na nusu kwa siku na inatosha boksi dogo. Usiuziwe ile ya kubana matumizi. Mwanga wake mzuri, joto lake si la maana.

Umeme ukikosekana, chupa ya plastiki ya lita moja na nusu yenye maji ya moto, imefungwa kitambaa, inafanya kazi, ila inataka kujazwa upya mara kwa mara usiku kucha. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa litaua kifaranga na kukuua wewe.

Njia ninayoipa nafasi ya kwanza ni kukata kona ya banda kwa kipande cha wavu, akae upande wake huku akipata joto la wenzake. Mita moja ya wavu wa matundu madogo ni shilingi 3,000 hadi 5,000 na utautumia miaka. Matundu yawe madogo kiasi mdomo usipite, vinginevyo watamdonoa akiwa kwenye usalama wake. Faida nyingine ni kwamba hawamsahau, na siku ya kumrudisha hawamshambulii kama mgeni.

Antibayotiki za unga kwenye maji ya kunywa: pakiti ya gramu 100 ni shilingi 4,000 hivi, na kifaranga mmoja hatatumia hata kijiko. Kwa jeraha la juu lililo safi, acha. Likianza kunuka, kuvimba au kutoa usaha, mpeleke dukani au kwa afisa mifugo wa kata ukiwa umembeba kwenye boksi. Ukimwita aje, ada na nauli ya bodaboda vitapita bei ya kuku. Mwite wakidonolewa wengi. Na kama utumbo umetoka nje, hakuna dawa ya kununua: mchinje upesi asiteseke.

Hela iliyobaki iweke kwenye chanzo. Wakifika wiki nne, mita moja ya mraba isizidi kuku kumi. Funika dirisha linaloingiza jua kali kwa gunia. Ning'iniza fungu la mchicha la shilingi 500 wapate cha kudonoa. Chunguza chakula: dagaa wa bei poa huja na mchanga, na vifaranga wakikosa protini na chumvi wanazitafuta kwenye mwili wa mwenzao. Chota konzi ya dagaa, mimina kwenye glasi ya maji, uone kinachozama chini. Kukata midomo kunalipiwa kwa kila kuku, kunataka mtu mwenye ujuzi na chombo cha moto, na kwa kundi dogo ni gharama ya kuepuka.

Jeraha likikauka na manyoya kuanza kufunika, mrudishe jioni giza likiingia, na asubuhi uwahi bandani. Mara nyingi utakuta ni mmoja tu anayemfuata. Huyo ndiye umfungie kwenye kona ya wavu siku tatu nne.