Sensa ya Throtoli kwa Gari Lililobadilishwa Injini

Si jambo geni katika nyanda za kati za Tanzania kukuta Noah au Mark II inayotembea kwa injini ya mtumba isiyo ya aina ile iliyotoka nayo kiwandani, na sensa ya throtoli ya gari la namna hiyo inapokufa, mwenye gari hukosea pale anapokwenda dukani na kutaja jina la gari. Sensa hiyo imefungwa kwenye throtoli, yaani mlango wenye kisahani kinachozunguka na kupitisha hewa kwenda kwenye injini, na kazi yake ni kuiarifu kontrol boksi, ambayo ndiyo kompyuta ya injini, kisahani kimefunguka kiasi gani. Kinachoamua sensa ya kununua, basi, ni throtoli inayoibeba na kontrol boksi inayoisoma.

Kwenye throtoli huangaliwa ncha ya mhimili wa kisahani, kwani mingine imechongwa bapa upande mmoja na mingine ina ulimi, na vilevile upande inakozungukia, maana sensa ya kuzungukia kulia ikilazimishwa kwenye throtoli ya kushoto huvunjika ndani au husoma kinyume.

Kontrol boksi ndiyo yenye masharti magumu zaidi. Baadhi ya injini za zamani zilitumia sensa ambayo kwa hakika ni swichi, inayotambua tu kwamba dereva ameachia mafuta au amekanyaga sana, ilhali nyingi hutumia kinzani geuzi, yaani utepe wa kaboni unaopewa umeme wa volti 5 na kurudisha takriban volti 0.5 kisahani kikiwa kimefungwa, kisha kupanda taratibu hadi karibu volti 4.5 kikifunguka chote. Swichi haishiki nafasi ya kinzani, na gia boksi ya otomatiki inayotegemea vipimo hivyo itabadili gia kwa kushtuka au kwa kuchelewa. Zipo pia sensa za sumaku, ambazo hazina utepe wa kusuguliwa na kwa hiyo hudumu zaidi, lakini waya zake zisiunganishwe kwa kubahatisha: kwenye kinzani, kupishanisha waya wa volti 5 na wa ethi hugeuza tu usomaji, kwenye sensa ya sumaku huweza kuiunguza.

Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ina jambo lake. Gari lililoongezewa nguvu na kufungiwa kompyuta nyingine huweza kupimiwa mafuta kwa pembe ya throtoli na kasi ya injini pekee. Likirekebishwa hivyo Dar es Salaam, litaendelea kupewa mafuta ya pwani kwenye hewa nyepesi ya Dodoma, litatoa moshi mweusi, na sensa mpya haitaliponya, kwa sababu sensa hii hupima pembe, haipimi hewa.

Sensa ya mtumba ijaribiwe kwa mita ya umeme kabla ya kulipiwa: ikizungushwa polepole, usomaji upande bila kuruka, hasa mwanzoni, karibu na silensa, yaani pale dereva anapokuwa ameachia mafuta, ambako utepe huchakaa mapema. Mwenye gari na aandike namba ya injini na ya kontrol boksi, afungue sensa mbovu na kuibeba hadi dukani, iwe Dodoma au Kariakoo, na asikubali kuuziwa kwa jina la gari.